Tunakula Ubuyu, Hatupandi Mbuyu

Liko jambo ambalo twaliona kila siku kwa macho yetu, wala hatulisemi. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, tangu Pongwe na Uroa hata Marumbi na Chwaka, na ng'ambo ya ghuba huko Michamvi, mibuyu imesimama tangu zamani. Watoto huokota mabuyu yake, kina mama hupika ubuyu kwa sukari na iliki wakauza, na msafiri aliyechoka hukaa kivulini pake. Lakini mwulize mtu, mzee au kijana: Mbuyu huu aliupanda nani? Atakujibu: Hatujui, tuliukuta. Mwulize tena: Na wewe umepanda upi? Hapo atacheka, kana kwamba umemwuliza bahari aliichimba lini.

Kicheko hicho ndicho tunachokipinga leo. Twasema wazi, na asiyekubali na atujibu: mbuyu ni mti wa kupandwa, kama mnazi na mwembe upandwavyo, na watu wa nchi kavu ya mawe wasioupanda wanakula akiba ya babu zao bila kuweka hata pishi moja kwa wajukuu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Kisiwa cha Unguja kina sura mbili. Upande wa magharibi una udongo mwingi na mvua nyingi, na huko ndiko iliko mikarafuu na minazi mikubwa. Upande wa mashariki ni maweni, yaani mawe ya matumbawe yaliyokuwa chini ya bahari siku za kale. Udongo wake ni kidogo, umekaa katika mashimo na nyufa kama chai iliyobaki chini ya kikombe. Mvua ikinyesha, maji hayakai; hupenya mara moja yakaenda zake chini. Mkulima wa Chwaka ajua taabu hiyo. Hufyeka, huchoma, hupanda mtama, muhogo, mbaazi, kunde na pilipili. Baada ya miaka michache nguvu ya udongo huisha, naye hulazimika kuliacha shamba lipumzike, kichaka kirudi.

Wako watu, na wengine ni wasomi, waitazamao nchi hii wakasema ni nchi isiyofaa kitu. Hao hawakuitazama vema. Katika kichaka hicho cha maweni hukaa paa nunga, mnyama mdogo mwenye haya, asiyepatikana duniani ila Unguja na visiwa vyake vidogo, na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Humo hutembea kima punju mwekundu, ambaye ni wa kisiwa hiki tu. Humo komba hulia usiku, na ndege wa kila namna hujenga. Kwa sababu hiyo Serikali ya Zanzibar mwaka 2004 iliifanya Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya taifa. Ni kazi njema. Lakini mpaka wa hifadhi umeandikwa katika ramani, si machoni pa ndege. Popo alalaye msituni huruka usiku akatafuta chakula mashambani mwetu na penye nyumba zetu. Tukiviacha vijiji vyetu viwe mawe matupu na mabati, hifadhi itakuwa kama chumba kimoja kizima katika nyumba iliyoanguka.

Sasa tuutazame mti. Mbuyu ni mti wa bara hili la Afrika. Wataalamu wa Ulaya waliupa jina la Michel Adanson, Mfaransa aliyeuona Senegal mwaka 1749 akaustaajabia. Jamaa zake duniani ni wachache: aina sita ziko Bukini, moja iko Australia, na wetu ni huu. Shina lake si gumu kama la mvule. Ni laini, lina nyuzi nyingi, nalo hunywa maji wakati wa mvua na kuyaweka. Kiangazi kikija, mbuyu huangusha majani yake yote, maana majani ndiyo yatoayo maji ya mti hewani. Mtu asiyejua hudhani umekufa. Haukufa; umefunga mlango. Hata chini ya gome lake iko ngozi ya kijani, nayo hufanya kidogo kazi ya majani wakati yasipokuwapo. Na mche wake mchanga, kabla haujawa mrefu, huteremsha kwanza mzizi mnene mfano wa muhogo, ambao ndio ghala yake ya maji. Mti wa namna hii haukuumbwa kwa bustani yenye bomba. Umeumbwa kwa nchi kama Chwaka.

Wakati ukame unapozidi, mbuyu huwa hoteli ya wanyama. Maua yake ni makubwa, meupe, yananing'inia kichwa chini, nayo hufunguka jua likichwa. Kwa nini usiku? Kwa sababu wageni wake ni wa usiku. Popo walao matunda huja kunywa asali ya ua, na unga wa ua hushika manyoya yao, wakauchukua mpaka ua la mti mwingine. Hivyo ndivyo buyu linavyopatikana. Komba naye huja, na nondo pia. Asubuhi nyuki huingia katika yaliyosalia, na ua likianguka chini huliwa na wanyama wa miguu minne. Katika mapango ya shina hukaa bundi na makundi ya nyuki, na katika matawi yake ndege hutundika viota vyao. Mti mmoja huwalisha na kuwalaza wengi kuliko tuwezavyo kuwahesabu.

Basi, ikiwa ndivyo, kwa nini hatuupandi? Tumesikia sababu nne, nasi tutazijibu moja moja.

Sababu ya kwanza ni ya kunong'onezana: Mbuyu una mashetani, aupandaye hujiletea wageni wabaya mlangoni. Ndugu zetu, tuseme kweli bila kumdharau mtu. Hofu hii imefanya kazi moja njema: pengine iliuzuia mkono wenye shoka. Lakini hofu imelinda mibuyu michache mikubwa. Haijapanda hata mmoja mdogo. Mtu hawezi kumlea mtoto kwa kumwogopa. Sisi tunaosadiki kwamba miti yote ni kazi ya Mungu mmoja, tukiuogopa mti tumejisahau. Na yule aukataye mbuyu ili aonyeshe watu kwamba haogopi, huyo hakushinda ushirikina. Ameufuata kwa mlango wa nyuma, maana bado ameupa mti heshima ya adui. Asiyeogopa hupanda.

Sababu ya pili ni ya wenye haraka: Mbuyu hukawia mno, nitakufa sijala buyu lake. Ni kweli kwamba mbuyu uliopandwa kwa mbegu waweza kukaa miaka 15 au 20, na zaidi, kabla ya kutoa maua. Lakini tuwaulize hao wenye haraka: Mkarafuu huchumwa mwaka wa pili? Aupandaye hungoja miaka sita au zaidi ndipo aone karafuu za kwanza, na miaka mingi tena mpaka mti ukomae. Babu zetu walingoja. Hata tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, hawakusema, Tutakufa kabla haijazaa. Walichimba mashimo upya. Tena siku hizi mafundi wa miti wanajua kubebesha kikonyo cha mbuyu uzaao juu ya mche mchanga, kama wafanyavyo kwa miembe, na mti huo huzaa kwa miaka michache tu. Na hata pasipo ufundi huo, mtu ahesabu vizuri: miaka 20 ya kungoja, kisha mti hukaa karne kwa karne. Huko Zimbabwe ulikuwapo mbuyu mmoja, jina lake Panke, ambao wapimaji waliukuta una umri wa miaka zaidi ya 2,000. Ni shamba gani jingine lilipalo hivyo?

Sababu ya tatu ni ya wenye kupenda vigeni: Heri tupande mvinje, hukua upesi, hunyoka, hutoa boriti. Nao hutuletea mithali: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatupigani na mvinje. Mvinje huota katika mawe na mchanga, na kila boriti na kila mzigo wa kuni utokao katika mvinje uliopandwa ni mzigo usiokatwa kichakani. Hatusemi mgeni ni mbaya kwa sababu ni mgeni, maana mkarafuu nao ulitoka ng'ambo. Twasema kwamba kila mti una kazi yake. Mvinje hautoi ua la popo wala tunda la mtoto. Panda mvinje wa kukata, na mbuyu wa kubaki. Lakini mtu afyekaye miti ya asili yote ili apange mistari ya mti mmoja, huyo tunampinga, na mithali yetu ni hii: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sababu ya nne ni ya wenye kulinda shamba: Mti huo utatuletea popo na kima, nao watatuharibia. Tuanze na kima punju. Wenye minazi kusini ya Jozani walilalamika kwamba wanyama hawa hula vidaka. Wataalamu wawili, Siex na Struhsaker, walihesabu minazi hiyo kwa makini, na mwaka 1999 walitoa habari kwamba palipoliwa vidaka vingi mavuno ya mwisho hayakupungua, bali yalielekea kuzidi. Maana mnazi huwa na vidaka vingi kuliko uwezavyo kuvikomaza, na mnyama huupunguzia mzigo. Hatusemi hakuna mnyama mharibifu. Twasema, hesabu kwanza, ndipo ulaumu. Na popo? Waulizeni ndugu zetu wa Pemba. Popo wao mkubwa, asiyepatikana penginepo duniani, aliwindwa na misitu ikakatwa hata miaka ya 1980 ikaisha akiwa karibu kutoweka. Kisha wanavijiji, kama wale wa Kidike, wakakubaliana kumlinda na mahali anapolala. Leo wanahesabiwa kwa maelfu, na wageni hulipa ili waje kuwatazama. Pemba haikuharibika kwa popo.

Hizo ndizo sababu zinazosemwa. Lakini iko ya tano isiyosemwa, nayo ndiyo kubwa: tumezoea kuokota. Mti uliotukuta sisi twauona kama jua na mvua, kitu kisicho na mwanzo. Wazee hutuambia kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha, nasi twaitumia mithali hiyo kumtia moyo mtu mwenye duka dogo, wala hatufikiri kwamba ni habari ya kweli ya mti. Mbuyu huanza kama mchicha kweli kweli, na katika udogo wake hufa kama mchicha. Mbuzi huula. Moto wa kufyekea huupitia. Jembe la mpaliliaji huung'oa, tena bila kujua, kwa sababu majani ya mche mchanga hayafanani na ya mama yake: hayajagawanyika kama vidole vya mkono, bali ni jani moja moja. Kila mtu na atembee mtaani kwake atafute mbuyu wa kimo cha mtoto wa shule. Akiuona, tunafurahi pamoja naye, na aulinde. Asipouona, basi ajue kwamba mibuyu ya kijiji chake ni wazee wasio na watoto, na ukoo usio na watoto una siku zake.

Wala mtu asijifariji kwamba mibuyu haifi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba katika mibuyu 13 iliyo mizee kuliko yote waliyoijua Afrika, 9 imekufa au imeanguka sehemu zake za kale, kwa muda wa miaka 12 tu; na Panke tuliyoitaja ni mmoja wao. Wao walidhani kwamba kubadilika kwa hali ya hewa, joto na ukame, kuna sehemu katika vifo hivyo, ingawa hawakulikata neno. Ikiwa wazee wenye miaka elfu wanaanguka, ni lazima vijana wawe wamekwisha kuota.

Na tazameni ajabu hii: sisi tunaoupuuza mti, wenzetu wa mbali wanautafuta. Mwaka 2008 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kwao kama chakula, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Unga huo una vitamini C kwa wingi. Bibi zetu hawakuhitaji ruhusa hiyo. Walijua uji wa ubuyu kwa mgonjwa, mboga ya majani machanga, kamba ya gome, na buyu la kutekea maji kisimani. Itakuwa aibu ikiwa mjukuu wa Chwaka atakuja kununua ubuyu katika kopo lililotoka ng'ambo.

Basi kazi yenyewe ni hii, wala haina gharama. Okota mabuyu yaliyokomaa. Yavunje, loweka yaliyomo, osha mbegu mpaka unga utoke wote. Ganda la mbegu ni gumu, halipitishi maji upesi. Kwa hiyo zimiminie maji ya moto, uziache humo usiku kucha mpaka yapoe, au ukwaruze kila mbegu kwa tupa au jiwe kali. Zipande katika viriba vyenye udongo uliochanganywa na mchanga. Mwagilia kwa kiasi. Maji yakizidi mzizi huoza. Mvua za masika zikishika, chukua miche ukatafute maweni yenye mfuko wa udongo kati ya mawe, mbali na ukuta wa nyumba na mbali na kisima, kwa kuwa mti utanenepa. Pasua kiriba polepole, uushushe mzizi wima, usiukunje. Kati ya mti na mti acha hatua kumi au zaidi. Kisha zungushia miiba, au ukuta mdogo wa mawe yaliyopangwa, kwa sababu ya mbuzi. Ukifyeka shamba, safisha pande zote za mche kabla hujawasha moto. Kwa miaka mitatu ya kwanza uangalie kama mwana. Baada ya hapo mti utajiangalia wenyewe, na utakuangalia wewe.

Na nani afanye? Twasema, kila shule ya kijiji iwe na viriba vyake, na kila mtoto aondokaye shuleni aondoke na mche mmoja. Kila nyumba ipatapo mtoto mchanga ipande mmoja, mtoto na mti wakue pamoja. Atakapokuwa na watoto wake mwenyewe, huo utakuwa unazaa. Jambo hili si la dini moja. Kivuli cha mbuyu hakimwulizi mtu anasali wapi, na Waislamu jirani zetu wa Chwaka wana maweni yale yale na kiangazi kile kile. Twende kwa masheha, tuzungumze nao, tupande pamoja kandokando ya njia na pembeni mwa viwanja.

Tunajua kwamba wako watakaosoma maneno haya wakasema, Waalimu wamekosa la kuandika, sasa wanaandika mibuyu. Na waseme. Lakini baada ya kusema wainue macho waangalie mti ulio juu ya vichwa vyao, wakumbuke kwamba siku moja mbegu yake iliangukia mahali pasipo mbuzi, wala moto, wala jembe. Sisi tuna akili kuliko bahati. Mabuyu yapo, viriba vipo, na masika hayatangoji tumalize kubishana.